Siku Uingereza Ilipotubipu

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo wewe msomaji hujawahi kufika wala huijui hata kwa ndoto, nchi iitwayo Mbelembele, serikali ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Mengine yote yalikuwa mazima. Barabara zilikuwa mbioni kujengwa, hospitali zilikuwa zikipakwa rangi, na wananchi walikuwa wakihimizwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kijicho, na kijicho hicho kilikuwa na jirani.

Jirani aliitwa Kando. Kati ya Mbelembele na Kando pana mto ambao mbuzi huvuka bila kulowa tumbo. Hata hivyo tulijenga daraja, tena pana, ili viongozi wetu wapate mahali pa kusimama, watazame ng'ambo, wasonye.

Watu husahau. Mimi sisahau. Nakumbuka mwaka ule Kando walipojenga kipilefti chenye chemchemi ya maji katikati. Sisi tukajenga kikubwa mara tatu, porini, mahali pasipo na barabara hata moja. Siku ya uzinduzi magari yakapelekwa huko kwa lori, yakazunguka, tukapiga makofi, yakarudishwa kwa lori. Nakumbuka pia rais wa Kando alipopunguza kitambi akasifiwa magazetini. Wiki hiyohiyo mawaziri wetu wote waliamriwa wakonde, na walioshindwa walitumwa vijijini kujifunza kwa wale waliokonda bila kuagizwa.

Hayo yote yalipita. Lakini la simu ndilo lililotumaliza.

*

Kulikuwa na kampuni moja ya Kiingereza, kazi yake kuuza mabirika ya umeme na kuomba radhi yanapoungua. Kuuza iliweza yenyewe. Kuomba radhi kulikuwa kumeizidi, kwa hiyo ikataka kufungua Kituo cha Simu huku kwetu, ukumbi mkubwa ambamo vijana wangevaa vidude masikioni na kuwapokea Waingereza wenye mabirika mabovu. Ni Mbelembele au Kando, mmoja tu angepata. Vijana wetu wenye digrii, ambao wakati ule walikuwa wakiuza mayai ya kuchemsha stendi, waliacha kumenya mayai wakasikiliza.

Mkubwa wa kampuni alikuja, akaandaliwa karamu Ikulu. Akiwa anapangusa mdomo, alisema kwamba jana yake alipiga simu Kando, na aliyeipokea alikuwa na toni nzuri. Ni hayo tu. Baada ya hapo aliulizia choo.

Mtukufu Yoramu Mangosongo, Rais wetu, aliiacha sambusa yake nusu.

Asubuhi aliita Baraza la Mawaziri akauliza toni ni kitu gani, na kwa nini Kando wanayo na sisi hatuna. Waziri wa Madini alisema utafiti unaendelea na dalili ni nzuri. Waziri wa Afya alisema chanjo ipo njiani. Ndipo Kasongwa Sululu, Naibu Waziri wa Mifugo, mtu aliyewahi kukaa Uingereza msimu mmoja wa baridi, akainuka na kusema kwamba toni ni namna ya kumkatalia mtu mpaka akushukuru. Kabla hajaketi alikuwa ameshateuliwa kuwa Waziri wa Toni, Simu na Unyenyekevu wa Kiofisi.

*

Sasa, toni ilikuwepo. Ilikuwa imekaa palepale Ikulu, chini, karibu na ngazi, nyuma ya dawati lenye simu nyingi na chupa ya chai. Jina lake Tabu Nang'ondo, opereta.

Tangu usichana wake, ukipiga simu Ikulu ulisikia, "Mbelembele hapa, nani mwenzangu?" Ukishajitaja, Tabu alikuuliza habari za nyumbani, akakumbuka kwamba mara ya mwisho mtoto wako alikuwa na surua, akauliza surua iliishia wapi. Watu waliopiga kuitukana serikali walimaliza kwa kumwahidi karanga, na karanga zililetwa. Kiti kile ndicho kilichomlisha mama yake mzazi na wanawe wawili. Alichotaka duniani ni vitu viwili: Kituo kikija, awafundishe vijana wale kazi, na mpaka kije, asinyang'anywe kiti.

Kwa bahati mbaya, Mheshimiwa Sululu alikuwa na kumbukumbu ndefu karibu kama yangu. Enzi za unaibu wake, mfugaji mmoja alipiga simu Ikulu kulalamikia josho, Tabu akamuunganisha na Sululu. Mfugaji alimsikiliza kidogo, kisha akasema, "Mheshimiwa, nirudishie yule mama. Wewe unaongea kama mtu anayefunga dirisha." Sululu alicheka siku ile. Kilikuwa kicheko cha kuweka akiba.

*

Kanuni za Toni zilisomwa redioni mchana mmoja wa jua kali. Ya kwanza ilifuta salamu. Kwetu, kwa kuwa wewe mgeni hujui, mtu hasemi shida yake kabla ya kuulizana habari za wazee, za watoto na za mafua ya watoto hao. Anayeulizwa hujibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua, kisha ndipo husema kwamba nyumba inaungua. Wizara ikatamka kuwa huo ni upotevu wa muda wa Mwingereza. Badala ya salamu, mazungumzo yote yaanze na hali ya hewa, na hali ya hewa yenyewe iwe mbaya, kwa sababu Waziri alipokuwa Uingereza hakumsikia mtu akiisifu. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukimbia. Wakulima walipopiga simu Wizara ya Kilimo kusema mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa kidole, walipokelewa kwa sauti laini, "Samahani sana kwa manyunyu haya."

Kanuni nyingine ilipiga marufuku neno "hapana". Ofisa akitaka kukataa, aseme, "Hilo linavutia sana, tutalitazama." Hiyo haikuhitaji mafunzo. Maofisa wetu waliifuata tangu tulipopandisha bendera.

Halafu ikaja ya chai. Waziri alikuwa ameona kwamba katika ofisi za Uingereza, anayeinuka kwenda kujichemshia chai huwauliza wenzake na kuwachemshia wote. Ikawa sheria. Jengo la Wizara ya Fedha lina ghorofa tisa. Tangu siku ile hakuna aliyeinuka. Mkurugenzi mmoja alikaa mpaka miguu ikafa ganzi, akabebwa na kiti chake kwenda kustaafu.

Ya mwisho ilihusu majina. Waingereza, tuliambiwa, humwita hata bosi kwa jina lake la kwanza. Mtukufu akatangaza kwa moyo mkunjufu kwamba kuanzia sasa aitwe Yoramu. Wawili wa kwanza waliomwita Yoramu wanafundisha kilimo gerezani hadi leo. Wa tatu, aliyekataa kumwita Yoramu, yuko nao.

Sisi wananchi tulishukuru. Maji tulikuwa hatuna, lakini sasa tuliombwa radhi kabla ya kuyakosa.

*

Ili mashindano yawe ya haki, kampuni ilituma mwalimu mmoja kwa kila nchi. Wa kwetu aliitwa Bi Maureen Ogden, nasi tukamwita Bi Morini. Maisha yake yote alikuwa akipokea simu za malalamiko katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza.

Waziri Sululu alimngoja uwanja wa ndege na zulia jekundu. Alitarajia mama mwembamba mwenye glavu na mwavuli. Akashuka mama mnene, anabeba sanduku lake mwenyewe, anahema, na kabla hajafika mlangoni alikuwa amemwita mlinzi "mpenzi wangu" mara mbili. Mlinzi yule, mtoto wa watu, aliomba likizo akaenda kuwauliza wazazi.

Siku iliyofuata Bi Morini alikataa kiti cha heshima, akashuka kukaa na Tabu penye simu. Wakati huo Tabu alikuwa hajaguswa na Kanuni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumshukia. Ikaingia simu ya mzee mmoja wa mpakani, sauti imepanda, mwanawe kakamatwa na askari bila kosa. Tabu hakusema neno juu ya manyunyu. Alimuuliza mkewe anaendeleaje, maana alikuwa akiugua, kisha akamuuliza, "Na wewe baba, umekula?" Mzee akalia kidogo, halafu akaeleza yote kwa mpangilio, Tabu akajua pa kumuunganisha. Mtoto alirudi nyumbani mchana uleule.

Bi Morini akapanda ngazi mpaka wizarani, ghorofani palepale Ikulu, mkononi ana kitumbua cha Tabu, akazungumza na Waziri huku anatafuna. Alisema toni si kitu kingine: ni mtu ajue kwamba amesikika. Akasema nchi inayo tayari, imekaa chini hapo, wamwache yule mama awafundishe wengine na mambo yamekwisha.

Wizara ilikutana kwa dharura. Ilionekana wazi kwamba mgeni huyu hakuwa Mwingereza wa kutosha. Anakula kwa mkono. Amesimama. Amekwenda kuwachemshia chai madereva bila kushurutishwa na kifungu chochote cha sheria.

"Tumeletewa Mwingereza feki," alisema Sululu, na sauti yake ikapasuka. "Wa kweli wamepelekwa Kando."

Mpelelezi alivushwa mto. Alirudi jioni ile suruali imelowa hadi kwenye vifundo, akaripoti kwamba mwalimu wa Kando ana mwavuli. Kuna mawaziri waliolaza vichwa juu ya meza.

Wakaamua kumfukuza, ila kwa Toni. Jumatatu Sululu alimwambia, "Bi Morini, tunajiuliza, na tunaomba radhi kwa kujiuliza, kama huenda siku moja ungependa kuiwazia hali ya hewa ya kwenu." Bi Morini akajibu kwamba hali ya hewa ya kwao ni mbaya mno, yeye hapa ameridhika, asante. Kesho yake wakamsifu kwa ujasiri wake. Keshokutwa wakalisifia sanduku lake. Akawashukuru, akawaeleza duka alilolinunulia, na asubuhi akaja kazini tena.

Ikabidi Tabu ammiminie chai na kumwambia.

"Mama, wamekufukuza."

"Lini?"

"Tangu Jumatatu."

Bi Morini alicheka mpaka akashikilia dawati. "Kwetu mtu anaambiwa toka, anatoka," alisema. Halafu akakishika kiganja cha Tabu na kumwambia kwamba simu ya kuamua itapigwa Ijumaa ijayo asubuhi, na Tabu asibanduke kwenye kiti chake siku hiyo kwa lolote. "Nisikie sauti yako tu, mpenzi. Mengine niachie."

Hivyo ndivyo Tabu alivyojua nani atapiga. Na ndivyo alivyojua kwamba kiti chake na Kituo kizima sasa vilikuwa kitu kimoja.

*

Kumbe na Sululu alikuwa na mipango na kiti hicho. Bi Morini alipopaa tu, Wizara iliendesha mtihani wa toni kwa watumishi wote. Kila mmoja aliambiwa akatae ombi la mjane, na Waziri akasikiliza amefumba macho. Waliofaulu vizuri zaidi ni wa Idara ya Mafao. Tabu alianguka. Yeye alimuuliza mjane jina la marehemu.

"Sauti yake ina joto," alitoa hukumu Waziri. "Mwingereza akiisikia atadhani ofisi inaungua."

Tabu akapanda ngazi kumwona. Alimwambia, "Mheshimiwa, mimi nina mama na watoto. Niache mpaka Ijumaa tu ipite, halafu unitoe."

"Ombi lako linavutia sana," alisema Sululu. "Tutalitazama."

Siku hiyohiyo alipewa kitambaa cha kufutia vumbi. Simu zake ziling'olewa zote. Laini ya Ikulu ikahamishiwa kwenye simu moja mpya yenye nakshi za dhahabu na kidirisha cha kuonyesha namba ya anayepiga, ikawekwa juu ya mto wa hariri katika Ukumbi Mkuu. Kazi ya Tabu ikawa kuifuta.

*

Ijumaa ilifika. Baraza zima la Mawaziri lilikuwa ukumbini tangu alfajiri, wamesimama foleni, kwa kuwa Waziri wa Toni aliwahi kuona kwamba Waingereza husimama foleni hata kama hawajui mbele kuna nini. Mtukufu alikuwa kwenye kiti chake. Tabu alisimama pembeni na kitambaa.

Simu ikalia.

Aliyekuwa mbele, Waziri wa Fedha, alinyoosha mkono, kisha akakumbuka Kanuni, kwamba muungwana hamtangulii mwenzake. Akageuka nyuma.

"Baada yako, Mheshimiwa."

"Hata kidogo. Baada yako."

"Nisingethubutu. Labda Waziri wa Ulinzi?"

"Samahani, nimekukanyaga?"

"Kosa ni langu, nimeweka mguu chini ya kiatu chako."

Simu inalia. Foleni nzima inapishana, wa mbele wanakwenda nyuma, wa nyuma wanakataa kuja mbele, kila mmoja anainama, kila mmoja anaomba radhi kwa kuinama kabla ya mwenzake.

"Jamani, pokeeni," alisema Tabu. "Itakatika."

Sululu alimgeukia na tabasamu. "Bi Tabu, tungependa labda ufikirie kunyamaza."

Simu ikakatika.

Katika kidirisha ilionekana namba ndefu ya Uingereza, na chini yake maneno kwamba simu moja haikupokelewa.

"Imelia?" aliuliza Mtukufu.

"Imelia, Mtukufu."

"Ikakatika?"

"Ikakatika."

"Kabla haijapokelewa?"

"Kabla."

Mtukufu alivua miwani. Sasa, Mbelembele nzima, mkubwa na mdogo, inajua maana ya simu inayolia ikakatika. Mwenye nacho hupiga, asiye nacho hubipu. Mpwa humbipu mjomba, mjomba akampigia. Tangu kuumbwa kwa simu haijasikika mjomba kambipu mpwa.

"Basi," alisema Mtukufu taratibu, "Uingereza imetubipu."

*

Hakuna kikao kilichowahi kuwa kitamu kama kile. Waziri wa Mambo ya Nje alidai kwamba anayebipu huwa ameishiwa vocha, kwa hiyo hali ya London ni mbaya kuliko tulivyokuwa tukiambiwa. Waziri wa Utamaduni alidai kwamba mtu hambipu asiyemzoea, kwa hiyo tumeshakuwa ndugu. Waliokuwa wakongwe walifuta machozi, wakikumbuka walivyokuwa wakingojeshwa varandani mwa ofisi za Wazungu enzi za ukoloni, kofia mikononi.

Mtukufu peke yake hakufurahi bado. Alikuwa na donge.

"Na Kando?" aliuliza. "Kando nao wamebipiwa?"

Mpelelezi alivuka mto. Aliporudi alikuwa anacheka njia nzima. Kando, simu ililia mara moja, mtu akaipokea, wakaongea.

"Hawakubipiwa?"

"Hawakubipiwa, Mtukufu. Walipigiwa tu, kama watu wa kawaida."

Gazeti la serikali lilitoka na maandishi ya ukurasa mzima: LONDON YATUBIPU, KANDO YAPIGIWA TU. Jumatatu ikawa sikukuu. Watoto wa shule walitungiwa wimbo. Vijana wa mayai ya kuchemsha waliuliza kama Kituo basi kimepatikana, wakajibiwa kwamba swali lao linavutia sana.

Wapo waliopendekeza tumpigie aliyetubipu, kama desturi inavyotaka. Mtukufu alikataa. Alisema walipokuwa wakitutawala, nani alimngoja nani? Nao wangoje kidogo.

Simu ikafunikwa kwa sanduku la kioo, ukumbi ukafanywa makumbusho, na namba ile ikabaki kidirishani ili vizazi vije viione. Tabu sasa akawa anafuta kioo.

Tatizo lilikuwa kwamba simu haikukoma kulia. Ililia Jumanne, ikalia Jumatano. Kila ilipolia, walinzi walisimama wima, wageni wakavua kofia, bendi ikapiga wimbo wa taifa mpaka ikakatika. Kisha redio ikatangaza kwamba Uingereza imetubipu tena. Tabu alisimama na kitambaa chake, anaiangalia, anajua kabisa ni kidole cha nani kinachobonyeza huko, na hana ruhusa ya kuigusa. Kuigusa kulikuwa uhaini.

*

Alhamisi mchana bendi ilikwenda kula, na walinzi wakaisindikiza ili wasile makombo. Simu ikalia. Ukumbini palikuwa na Tabu peke yake. Alitazama mlangoni. Aliwafikiria mama yake na wanawe. Halafu akafungua kioo kwa ufunguo aliopewa ili afute ndani.

"Mbelembele hapa, nani mwenzangu?"

"Tabu!" alisema Bi Morini. "Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu. Mmehama?"

"Tupo, mama. Goti lako je, lile la kushoto?"

"Linauma. Ahsante kwa kuuliza, hapa hakuna aliyeuliza." Akaeleza haraka haraka. Kando walipokea vizuri, sauti laini kama mafuta, lakini kila alichowauliza waliomba radhi na hawakujibu. Yeye aliomba wiki moja zaidi kwa ajili ya Mbelembele, na leo ndiyo mwisho. "Kituo ni chenu, na wewe ndiye mwalimu, nimekwisha kuandika. Kampuni inataka mkubwa mmoja tu aseme ndiyo kwa mdomo wake, sasa hivi, nikiwa hapa. Yeyote."

"Usikate, mama. Nakuomba usikate."

Aliuweka mkono wa simu juu ya mto wa hariri, akakimbia. Alimkuta Sululu kwenye korido, akamvuta na mkono wa koti, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mheshimiwa yeyote, huku anamweleza kwa pumzi moja: Kituo tumepata, ni Bi Morini, anangoja neno moja, ndiyo tu.

Sululu aliingia ukumbini. Aliona kioo kiko wazi. Aliona kidirisha, na ile namba tukufu haipo tena, imefutika kwa kupokelewa. Akaichukua simu, akaisogeza sikioni. Kutoka Uingereza sauti ikasema, "Tabu? Upo, mpenzi?"

Waziri akauziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Anakuita kwa jina?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mwambie ndiyo. Ni neno moja."

"Nimekaa Uingereza msimu mzima wa baridi," alisema Sululu. Hapakuwa na toni yoyote katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeachwa nje. "Msimu mzima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita kwa jina langu."

"Mheshimiwa, vijana wale wote..."

Akakata simu. Yeye, aliyetufundisha redioni kwamba muungwana hakati wa kwanza.

*

Tabu alifukuzwa bila Toni. Aliambiwa toka, akatoka. Alivuka mto na mama yake mgongoni na wanawe mbele, na maji hayakumfika magoti. Kituo kilifunguliwa Kando mwezi uliofuata, na kampuni ilipotafuta mwalimu, kuna mama mmoja wa kaskazini ya Uingereza aliyegonga meza mpaka jina likapita.

Siku hizi birika la Mwingereza likiungua, hupokelewa na kijana wa Kando aliyefundishwa kuuliza kwanza kama mkono haukuungua. Wasafiri wanasema wapo Waingereza wanaopiga hata kama birika ni zima. Vijana wetu wanauza mayai yao upande huu wa daraja, na upepo ukivuma kutoka ng'ambo husikia, "Na mama hajambo?" Huacha kumenya, wakasikiliza, kisha wakasonya. Kijicho hiki cha sasa, tofauti na kile cha serikali, hakikuhitaji wizara.

Habari zilimfikia Mtukufu katika karamu. Mgeni mmoja alisema Kando kuna sauti ya mama fulani, hajasikia nyingine kama hiyo. Sambusa ikaachwa nusu. Waziri Sululu, ambaye sasa ana nishani, alieleza kwamba sauti ile ni mali yetu, imeibwa.

Ikaamuliwa Tabu arudishwe. Lakini nani ampigie? Rais hawezi kumpigia opereta. Waziri hawezi kumpigia aliyemfukuza. Wakafanya ambalo mtu yeyote wa Mbelembele angefanya: wakambipu. Wakambipu asubuhi, wakambipu adhuhuri, inalia kidogo wanakata, inalia kidogo wanakata. Kule Kituoni wanafunzi wake walikuwa wakimtania. "Mwalimu, wajomba zako wamebipu tena." Yeye aliitazama namba ile ya Ikulu, namba aliyopokelea simu tangu usichana wake, akaendelea na somo.

Siku moja, baada ya mama yake kuota yuko nyumbani akichambua mboga, Tabu alifunga mlango wa ofisi yake na kupiga.

Katika Ukumbi Mkuu simu ikalia ndani ya kioo. Baraza lote lilikuwepo. Walinzi wakasimama wima. Sululu aliiona namba, akatambua, akasogea, akasita, akamgeukia Rais.

"Baada yako, Mtukufu."

"Hata kidogo. Baada yako."

"Nisingethubutu."

Huko ng'ambo ya mto Tabu alishikilia simu, anahesabu milio, anasema polepole, "Pokeeni, jamani. Pokeeni." Milio ikaisha. Akauweka mkono wa simu chini, akarudi darasani.

Ukumbini kidirisha kilibaki na namba ya Kando. Mtukufu alivua miwani akaifuta kwa tai yake.

"Mmeona," alisema. "Hata Kando wameishiwa."

Bendi ikapiga. Jumatatu ikatangazwa sikukuu. Na kwa siku ile nzima, kwa mara ya kwanza tangu tupate bendera, serikali ya Mbelembele haikumwonea kijicho mtu yeyote.